Msusi Aliyetaka Majeshi Yaje

Msusi wa mtaani kwetu alikuwa na vidole vyembamba vilivyonukia mafuta ya nywele, na kitana alikibana mdomoni, akikitoa pale tu anapotaka kubishana. Tangu rais wa nchi alikozaliwa, ng'ambo ya mpaka, akatae kung'atuka na risasi zianze kulia, kitana hakikukaa mdomoni. "Majeshi ya nje yaingie!" alikuwa akisema, akivuta nywele mpaka mteja anatokwa na machozi. "Nyumba ya jirani ikiungua, utabisha hodi?" Mwalimu, mteja wake wa siku nyingi, alimjibu, "Shoga yangu, mgeni mwenye bunduki hajui kuaga." Msusi akacheka kwa uchungu. "Unasema hivyo kwa sababu mama yako hayuko kule."

Majeshi yakaingia kweli, naye akapiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia dirishani. Baada ya wiki chache dada yake akampigia simu: ndege zilizokuja kuwaokoa zilikuwa zimelipiga soko, na mama yao alikuwa humo. Mwalimu alipokuja kumpa pole, msusi alimkazia macho. "Sema basi. Sema ulinionya." Mwalimu akamshika mikono yote miwili. "Na majeshi yasingekuja, mama akauawa na watu wa rais, ningesema nini?" Wakalia pamoja. Siku hizi wateja wakianza kubishana kama majeshi yaondoke au yabaki, wote humgeukia yeye wasikie atasemaje. Naye husema kwa upole, "Inamisha kichwa kidogo, mpenzi," akaendelea kusuka.