Flaneli ya Mama Mkwe

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Kisii, Mwislamu wa mjini, mtoto wa watu waliotoka mbalimbali wakakutana njiani. Mgusii hakuwa. Nadhani ndiyo sababu alizishika desturi za wakwe zake kuliko wakwe wenyewe. Kwa Wagusii kuna chinsoni, adabu ya aibu kati ya mtu na mama mkwe wake: hamtazamani usoni, hampeani mkono, na kitanda cha mkwe wako hukigusi wala hukitaji. Wajomba zangu, waliozaliwa nayo, waliifuata kwa kiasi. Baba aliifuata kama mtu aliye kwenye mtihani. Siku moja alimwona nyanya, mama wa mama yangu, akitokea upande wa ndizi sokoni, akajitosa nyuma ya magunia ya wimbi na kujikunyata huko na kanzu yake nyeupe. Nyanya hata hakuwa amemwona. Mwenye magunia ndiye aliyetuletea habari, na mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta na kazi ya kumtengenezea mama mkwe kitu cha kujifunika.

Ilikuwa hivi. Mama alitoka kumwona nyanya kule Nyamache, akarudi na uso umemshuka. Alisema nyanya halali. Baridi ya kule inamwingia kifuani, akilala chini anakohoa, kwa hiyo anaketi kando ya moto mpaka kunakucha. Blanketi la duka alilopewa na wajomba linamwasha, amewafunika nalo vifaranga. Baba alisukuma sahani yake. Chakula kile kililiwa na mimi.

Kesho yake mama alitoa mfuko wa vipande vilivyobaki chini ya cherehani, kaki za kaptura za shule, poplini za kanzu, maua ya magauni ya wanawake wa misheni. Alitaka kushona mfarishi: juu vipande vilivyoungwa, katikati blanketi kuukuu, na upande wa mwilini flaneli mpya, laini, isiyomwasha mtu. Vipande angeviunga mwenyewe. Flaneli hakuijua hata kidogo.

"Twende ukanichagulie," akamwambia baba.

"Mama watoto, hicho ni kitu cha kitandani."

"Kikiwa dukani ni kitambaa tu. Wewe si fundi wa vitambaa?"

Baba alifikiri mpaka chai ikapoa. Mwishowe akakata shauri kwamba jora la flaneli halina mkwe.

Tukaenda duka la Mhindi, mama, baba na mimi. Mama akaangukia flaneli nyekundu. Baba akalamba kidole, akaulowesha ukingo wa kile kitambaa, akausugua kwenye leso yake nyeupe mbele ya mwenye duka. Leso ikawa ya waridi. "Hii itamgeuza mama wa watu kuwa nyanya mbivu," akasema, halafu akashtuka kwamba amemtaja, akafunga mdomo. Mama akahamia ile ya mistari. Baba akakataa hiyo pia, kwa kuwa upana wa flaneli hautoshi kitanda, lazima mapande mawili yaungwe, na mistari isipokutana kila mgeni atajua. Akalifinya jora moja baada ya jingine, akalisugua kwa dole gumba aone kama manyoya yanajikunja vidonge, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango kutazama ufumaji. Mwenye duka alikuwa ameanza kukohoa kwa uchungu. Baba akachukua moja ya rangi ya chai ya maziwa, nene, iliyokazwa vizuri. Moshi wa jikoni hautaonekana, akasema. Jiko la nani, hakusema.

Nyumbani akaagiza maji ya moto. Mama akaruka. "Unafua kitu kipya?"

"Nikifue leo au kifuliwe huko, kirudi kipungue, kivute vipande vyako vyote viwe kama uso wa bibi kizee? Chagua."

Wallahi, flaneli ilirudi. Ilipokauka kivulini mama aliipima kwa mkono na kunyamaza, na mama yangu kunyamaza ilikuwa habari. Kisha baba akatuweka mimi na mama kwenye pembe, mmoja huku, mwingine kule, tukavuta kwa mshazari hadi nyuzi zikanyooka. Akaikata mapande mawili, akaondoa ule ukingo mgumu wa kiwandani, maana ungekaza mshono. Kwenye pasi ya makaa alitusimamia kama askari. "Usiburute! Bonyeza, nyanyua. Bonyeza, nyanyua. Unataka kuinyoa?" Mwisho akapitisha kiganja juu ya kila pande na kutuonyesha jinsi manyoya yanavyolala: ukipapasa kwenda chini ni laini, ukirudi juu yanakukatalia. Mapande yote mawili manyoya yaelekee miguuni, akasema, na akarudia kama anayefundisha sala.

Halafu akainuka akaondoka kwenye cherehani.

"Unakwenda wapi? Unga basi," mama akasema.

"Yakiungwa yanakuwa tandiko. Mimi siwezi."

"Astaghfirullahi! Umelikata, umelifua, umelipiga pasi!"

"Kitambaa. Nimepiga pasi kitambaa."

Hakukuwa na namna. Mama aliketi kwenye cherehani, naye hakuwa fundi, miguu yake ilikanyaga kama mtu anayefukuzwa. Baba akasimama mlangoni akatupa mgongo, uso barabarani, asilione tandiko likizaliwa, na kutoka huko akaendesha kazi kwa masikio. "Polepole. Uzi wa chini umekaza, nasikia. Umekwenda mrama, rudi. Rudi nimesema!" Wapita njia walimsalimu, akawaitikia, kisha akaendelea kuifokea barabara. Mimi nilijifungia leso mdomoni kwa kicheko. Mama alikuwa anatokwa jasho, na kwa kule kuharakishwa akalitia pande la pili kichwa chini. Tulikuja kugundua mfarishi umekwisha, umetundikwa, mama alipoupapasa. Nusu moja kiganja kilishuka vizuri, nusu nyingine kikakataliwa. Akaniangalia. Nikamwangalia. Tukaukunja, na mama akaupeleka Nyamache bila kumwambia baba kitu.

Siku zikapita bila habari. Baba hakuuliza, kwa sababu ungeulizaje habari za kitanda cha mkwe? Lakini aliharibu mikono miwili ya shati la mwalimu mmoja, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Kila aliyetoka upande wa Nyamache alimuuliza kama kule kuna baridi. Niliona jinsi alivyokuwa anaumia na nilimhurumia, ingawa nilimcheka pia.

Asubuhi moja ya soko nyanya akatokea barazani penyewe. Nafasi ya kukimbilia haikuwapo. Baba aligeuza uso ukutani, nyanya naye akageuka akatazama barabara, wakabaki wamepeana migongo, mimi nimesimama katikati.

"Mwambie baba yako," nyanya akaniambia kwa Ekegusii, kwa sauti ya kusikiwa mpaka posta, "ile flaneli, upande mmoja manyoya yanashuka, upande mwingine yanapanda."

Niliuona mgongo wa baba ukikakamaa. Fundi ndani yake akamshinda mkwe. "Pande la pili!" akaguta. "Mwambie alilete hapa nilifu..." Akajiziba mdomo kwa kofia. Maskini baba. Alikuwa ametaja tandiko la mama mkwe mbele ya mama mkwe, na amemwomba alilete.

Nyanya akacheka. Alicheka kwa tumbo, mabega yakimtikisika, na hakukohoa hata mara moja. Tulikingoja kile kikohozi sote, naamini hata yeye. Hakikuja.

"Mwambie siuleti," akasema. "Nikiuleta nitajifunika nini usiku? Mwambie nalala. Nikilala, mpaka jogoo."

Nikageuka nimpelekee baba maneno hayo, ingawa alikuwa ameyasikia kama kila mtu barazani. Alikuwa bado anatazama ukuta, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Mwambie," akasema, akiishusha kofia mdomoni. "Mwambie mama nimesikia."