Simu ya Mama Sandukuni

Jumamosi moja ya Agosti mwaka jana, siku tuliyogawana vitu vya marehemu mama, nilipoteza sauti yake.

Mama alikuwa fundi cherehani hapa Bariadi, kwenye baraza la duka la vitenge. Kuandika kulimpa shida. Akishampima mteja, alishika simu na kujitumia mwenyewe ujumbe wa sauti: kifua, kiuno, urefu, na neno la ziada, "huyu hapendi kubanwa kwapani." Wateja aliwapigia tu. Mimi hakuniachia ujumbe hata mmoja, maana tuliishi nyumba moja na kushona bega kwa bega.

Alifariki Desemba ya mwaka uliotangulia. Baada ya mazishi, baba mkubwa alifungia vitu vyake vyote sandukuni mpaka ukoo ukusanyike, pamba ikishauzwa. Ndivyo tunavyofanya. Niliomba simu ibaki nje.

"Ni ya kazi hiyo, baba. Wateja wa mbali wataitafuta."

"Vitu vya marehemu havichezewi, mwanangu."

"Hata simu?"

Shangazi akadakia, "Iacheni imewashwa, wapige, halafu akapokelee wapi?"

Watu wakacheka kidogo, palepale msibani. Nami nilicheka. Sanduku likafungwa.

Lilipofunguliwa nilipewa cherehani na simu. Nikaichaji. Laini ilikuwa imekufa. Kwa kuwa ilikaa bila kutumika, kampuni ilishampa mtu mwingine namba ile, na alipojisajili kwenye programu ya ujumbe, simu ya mama ikatolewa kwenye akaunti. Sasa ilidai tarakimu za uthibitisho, nazo zilikwenda kwa mmiliki mpya wa namba. Nakala ya zile sauti haikuwekwa popote. Hata mimi sikujua kwamba inawekwa. Fundi simu akaifuta programu na kuiweka upya. Ikarudi tupu.

Jumatatu simu yangu iliita. Kwenye kioo paliandikwa Mama. Nilikaa chini kwanza, ndipo nikapokea.

"Samahani, dada," alisema mwanaume. Alikuwa mfugaji wa Mwanhuzi, na namba yangu alipewa na mteja mmoja. "Wanawake wananitumia vipimo vya vifua vyao. Mke wangu ameanza kununa."

Nilimwuliza kama alikuta sauti yoyote ya mama.

"Hapana, dada. Nilipata namba tu. Hawa wateja niwaambie nini?"

"Waambie amefariki."

"Siwezi kutangaza msiba wa nyumba nisiyoijua. Sema wewe, mimi nitawafikishia."

Nikajirekodi. Mara ya kwanza nilishindwa kumaliza. Mara ya pili nilisema mama amefariki, mimi ni binti yake, namba yangu ni hii, na vipimo wasivitume tena kule. Nikamtumia, naye akawatumia wote waliokuwa wamemwandikia.

Wa kwanza kunipigia alikuwa mama mmoja wa Mwandoya. Alikuwa ameacha kitenge chake Novemba, akingoja auze pamba ndipo aje kuchukua gauni. Alilia, akanipa pole, akalia tena. Kisha akauliza kwa aibu kama gauni lilikuwa limefikia kushonwa mikono.

Nikainuka, nikapekua mfuko wa kazi za wateja ambazo mama hakuzimaliza, nikalikuta.

"Mkono mmoja, mama," nikamwambia. "Umeshonwa mmoja."