Tresa Jablonek na siri ya soseji

Tresa Jablonek hakuwa mtu wa kuchefuka ovyo. Mama yake alikuwa anapiga deki kwenye ukumbi wa mchezo wa kuviringisha matufe kule Green Bay, na tangu Tresa ana miaka tisa ndiye alikuwa mshika ndoo. Matapishi ya walevi wa Jumamosi, viatu vya kukodi vilivyokwishavaliwa na miguu mia, choo cha wanaume siku ya mechi, vyote vimepita mikononi mwake. Akimaliza ananawa, anakaa, anakula kama kawaida. Kwa hiyo ukisikia mtu wa namna hiyo katapika kwenye ndoo ya karatasi chafu, tena ofisi ya serikali, ofisi yenye zulia, ujue hapo pana jambo.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, amemaliza mwaka wa pili wa sheria, na kiangazi kile alipata mazoezi ya kazi Tume ya Nyama na Maziwa, pale Madison, mji mkuu wa jimbo letu. Kila mwaka wanachukuliwa wanafunzi sita. Wanakuja na suti nzito kwenye jua la Julai, jasho linawatoka kama jibini kwenye kikaango, na wote wanamchekea mtu mmoja, Wakili Mkuu wa Tume, Bwana Gerhard Ostby. Kwa nini? Kwa sababu katika hao sita, mmoja tu ndiye anaandikiwa kazi ya kudumu. Wengine wanapewa kikombe chenye picha ya ng'ombe na kuambiwa kwaheri.

Na kama unadhani watu waliosoma mpaka macho yameingia ndani wanakwenda pale kutetea haki, pole yako. Wanapaka wino! Sheria inasema raia yeyote anaweza kuiomba Tume karatasi zake, na Tume ina siku ishirini za kumpa. Lakini kabla hazijatoka, wanafunzi wanaziba kwa wino mweusi kila kitu kinachoitwa siri ya biashara, na pembeni ya kila doa wanaandika herufi za majina yao. Yao, si la Ostby. Ostby ana miaka kumi na tisa pale na kalamu yake haijagusa doa hata moja. Mjanja yule, hata kivuli chake hakimfuati vizuri.

Tresa ndiye alipewa faili la mzee Toske, kinyozi wa Oshkosh. Mjukuu wake wa miaka sita alikula soseji za kiwanda cha Vollmerding kwenye sherehe ya shule, akalazwa siku kumi na moja. Mzee akaomba ripoti za ukaguzi wa kile kiwanda. Kila Jumanne anapiga simu.

"Binti, ni mimi tena, kinyozi."

"Nakusikia, mzee wangu. Habari za mtoto?"

"Mtoto anakunywa mchuzi tu. Karatasi zangu ziko wapi?"

"Ziko mezani kwangu."

"Zinafanya nini hapo, zinaota jua? Mimi nataka kujua mtoto alikula nini. Basi. Siombi jengo lenu."

Siku ya kumi na tisa, Alhamisi, Ostby akapita mezani, akabandika kikaratasi cha njano juu ya faili: *Ziba ukurasa wa 4 hadi 11. Siri ya biashara.* Halafu akainama, akanong'ona kama anayemposa mtu, "Kesho natangaza nani anabaki. Wewe una mkono msafi, Tresa. Usiniangushe."

Tresa akampigia mama yake kwamba kazi ni kama ameipata, mama akawatangazia ukumbi mzima. Baada ya hapo ndipo akafungua ukurasa wa nne.

Picha. Mashine ya kusagia nyama, pembeni ina ute wa kijivu unaoning'inia kama makamasi. Ndani ya nyama kuna punje nyeusi, nyingi, kama mtu kamwaga pilipili manga. Mkaguzi ameandika: vinyesi vya panya, mashine ikiwa inafanya kazi. Ukurasa wa saba, hivyo hivyo. Wa kumi, tarehe ya mwezi uliopita, hivyo hivyo, safari hii na mkia.

Bado hakutapika. Nimekwambia, huyo kalelewa na ndoo.

Aliinua macho tu, akamuuliza Bi Verna Tillery, mtunza mafaili, mama wa miaka thelathini na moja kazini, "Bi Verna, zile soseji za Ijumaa tunazochomewa na mkuu uani, zinatoka wapi?"

"Vollmerding. Wanaleta bure, boksi mbili kila wiki."

Ijumaa saba. Kila Ijumaa Tresa alikula mbili, na kabichi chachu juu. Na ujue soseji za jimbo letu hazina mpinzani duniani, anayebisha aje tubishane.

"Lakini na mkuu si anakula?"

Bi Verna akacheka kwa pua. "Mwanangu, ulishamwona akila? Anachoma, anagawa, halafu anakwenda kwenye gari lake kula mkate na yai. Anasema daktari kamkataza."

Hapo ndipo ndoo ya karatasi ilipofanya kazi yake.

Alipojifuta mdomo, hakushika wino. Alichukua kitabu cha sheria ya Tume, akakisoma kile kifungu cha siri ya biashara mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wote waliomtangulia hawakuwahi kulifanya. Mwisho wake uliandikwa kwamba kitu hakizibwi mpaka Wakili Mkuu ajaze fomu namba tisa, athibitishe kwa sahihi yake kwamba kitu hicho ni sehemu ya utengenezaji wa bidhaa.

"Fomu namba tisa?" Bi Verna akavuta droo ya chini kabisa. "Hizi hapa. Bado zimefungwa kamba ya kiwandani."

Ijumaa ilikuwa siku ya ishirini, na ndiyo siku ya kuagana. Uani moshi unapanda, Ostby kavaa aproni, koleo mkononi. Whit Carmody, mmoja wa wale wanafunzi sita, mtoto wa wakubwa, mdomo mkubwa kuliko kichwa, alikuwa anamalizia soseji ya tatu.

"Tresa! Njoo, mbili kama kawaida," Ostby akaita.

"Leo nina karatasi tu, mkuu. Naomba sahihi."

"Karatasi kwenye nyama! Jamani, mmemwona mwanasheria?"

Watu wakacheka. Whit akaipokonya ile fomu asome kwa mbwembwe, sauti ya bungeni. "Mimi, Gerhard Ostby, nathibitisha kwamba vinyesi vya panya vilivyoonekana ukurasa wa nne ni sehemu ya utengenezaji wa soseji za..." Shavu moja limejaa. Hamezi wala hatemi.

Ostby akasema taratibu, "Huu ni utani wa aina gani?"

"Si utani, mkuu. Kama ni siri ya biashara, basi ni kiungo. Kama si kiungo, si siri. Weka sahihi. Au kula moja, mbele yetu, nami naziba zote sasa hivi kwa herufi zangu."

Mafuta yanadondoka kwenye makaa.

"Daktari kanikataza."

"Kakukataza nyama au kalamu?" Bi Verna akauliza kutoka mlangoni. "Maana gari la posta linakuja saa kumi, na bila fomu mimi sina ruhusa ya kuziba hata nukta."

Ostby akaweka koleo chini, akavua aproni, akaenda kwenye gari lake. Whit akatema kwenye kitambaa cha karatasi. Saa kumi kurasa zote zikaondoka kwenda Oshkosh, nyeupe peee, na picha zake.

Kazi akapewa Whit. Ndiyo, huyo huyo. Tresa alipata kikombe cha ng'ombe na barua ya mapendekezo ya mistari miwili: alifika kwa wakati, mwandiko wake unasomeka. Barua kama hiyo ukiipeleka popote, hata mlinzi anakuhurumia.

Jumapili akarudi Green Bay, akaenda moja kwa moja ukumbini. Mama yake alikuwa jikoni nyuma, amekaa juu ya kreti, anapumzisha miguu.

"Wamempa mwingine, mama."

"Wamempa nani! Na mimi nimeshawaambia watu wote hapa! Umewakosea nini?"

"Soseji zao zina mavi ya panya. Walitaka niyafiche, nikakataa."

Mama akatikisa kichwa. "Soseji za nani hizo?"

Tresa alikuwa anaangalia boksi lililo wazi karibu na jiko, na jina lililoandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu. Mama akafuata macho yake mpaka kwenye lile boksi, kisha akaangalia mkononi mwake mwenyewe, skonzi yenye soseji na haradali, imeumwa nusu.

Tresa akaenda kumletea ndoo.