Picha ya Kumalizia Filamu

Sauti ya utoto wangu ni ya changarawe ikichekechwa, shaa, shaa, kutwa nzima pale Maganzo, watu wakisaka almasi, na harufu ya udongo mbichi ikiganda hadi kwenye nywele. Leo nina stashahada ya upigaji picha niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, na katika ukanda huu sijamwona anayenishinda kumnasa mtu akiwa katikati ya shughuli zake. Lakini somo lenyewe nililipata kiangazi kile, nikiwa darasa la nne.

Baba alikuwa machimboni Geita mwaka wa tatu bila kurudi. Mama akaamua kumvuta kwa picha. Aliazima kitenge na viatu vya jirani, akasimama wima mbele ya Sefu, mpiga picha aliyezunguka kwa baiskeli. Sefu hakuwa akipeleka filamu kusafishwa mpaka iishe, na baada ya hiyo ilibaki picha moja. Kesho yake alimkuta mama akichekecha changarawe, kanga imechanika, tope hadi kwenye nyusi, mimi nimeuegemea mgongo wake nikitafuna muhogo. Akapiga ile ya mwisho.

Aliporudi kutoka Shinyanga mjini, kwenye ile ya kitenge mama alikuwa amefumba macho.

"Mama Milembe, hapa umelala usingizi wa pono," Sefu alicheka. "Chukua hii nyingine, bure."

"Hii? Mume wangu anione kama kambare wa matopeni? Piga tena!"

"Filamu sina mpaka mwezi ujao, mayu."

Jirani aliyekuwa akienda Geita alishafunga mzigo wake, anasubiri barua tu. Mama akaitazama tena ile picha ya tope. Mficha uchi hazai. Akaitia kwenye bahasha.

"Haya. Na aone."

Baba alifika kabla ya mvua za kwanza, picha imekunjikakunjika mfukoni mwa shati. "Ungeniletea hii ya kitenge," alimwambia mama alipomwonyesha, "ningesema nyumbani kwema, nikaendelea kuchimba."

Sasa nimerudi kuishi hapa, na wake wa wachimbaji wana simu. Wanajipiga picha wenyewe, wanazing'arisha sura, wanatuma Geita kabla chai haijapoa. Hunionyesha, nami nawasifu, maana ni nzuri kweli. Waume hujibu kwa mioyo myekundu, na mvua zinapita bila wao.