Barua ya Mtu Anayejua Yote

Jumanne nilipeleka bahasha kwa mama anayenipigia taipu kule Ngara. Mbele yangu alikuwa bwana wa tai nyekundu, meneja wa kampuni kwa maelezo yake mwenyewe, akichapiwa barua ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa biashara ng'ambo.

Mama alipochomoa karatasi ya mwisho kwenye mashine, bwana akauliza, "Madam, unaonaje chansi zangu? Digrii ya pili niko nayo, na maprofesa watatu wameniandikia."

"Mimi si mtu wa kuchagua watu," mama akasema, akipuliza vumbi la kifutio. "Lakini hizi barua nimechapa miaka mingi. Wenye wamechukuliwa hurudi hapa na fomu za viza. Wenye wamekataliwa hurudi mwaka unaofuata na barua ile ile, ila imekuwa ndefu."

"Na yangu?"

Alipitisha kidole polepole, mstari kwa mstari. "Hapa unajua soko. Hapa unajua wafanyakazi. Hapa unajua kupanga bei. Hakuna mahali umeandika kitu hujui. Sasa unaenda kusoma nini?"

Bwana alifungua kalamu, akaishika juu ya karatasi kwa muda, akaifunga. Kisha akakunja barua yake na kuondoka.

Mama akaninyooshea mkono. Ndani ya bahasha yangu mlikuwa na barua kama ile, kurasa nne. Mwaka jana zilikuwa tatu.

Nilimwambia nimepita tu kumsalimia.