Maneno ya Kesi ya Kwanza

Mize wa Sparkhill, mtaa mmoja huko kwa Waingereza, alikuwa hodari wa mambo mawili: kupika biriani na kufunga mdomo. Kila penye arusi aliitwa yeye, na siri za nusu ya mtaa zilipita jikoni kwake zisitoke. Alijisifu kwa hilo, tena sana. Basi hilo hilo ndilo lililomponza.

Mwanawe Idarous alishtakiwa kwamba alimchoma kisu kijana mmoja kule Acocks Green. Uongo mtupu! Jioni ile Idarous alikuwa nyumbani, kajinyoosha kwenye sofa anakula wali. Na shahidi alikuwepo: Raisa, jirani yao, mjane aliyekuwa ndani ya eda. Upweke ulimshinda maskini, akajitanda, akapita mlango wa nyuma aje kulia kidogo kwa shoga yake. Sasa mjane wa eda atoke nje, tena aonekane na mwanamume asiye maharimu wake! Mawifi wangemla nyama. Kwa hiyo katika kesi ya kwanza, Mize alipokula kiapo na kuulizwa nani mwingine alikuwemo, alijibu bila kupepesa macho: "Hakuna mtu. Mimi na mwanangu tu."

Alidhani neno la mama linatosha. Wapi! Juri, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, wakashindwa kukubaliana, na kesi ikaanza upya mbele ya wengine. Raisa alipopata habari akaja juu. "Nipelekeni mahakamani. Mawifi waseme mpaka wachoke."

Safari hii Raisa akasema kweli, na Mize naye akasema kweli. Mwendesha mashtaka akamsomea Mize jibu lake la zamani, taratibu, neno kwa neno.

Siku ya mwisho Mize alikaa nyuma, akimsikiliza jaji akiwaelekeza juri.

"Msijiulize kwa nini kesi ya kwanza haikufika mwisho," jaji alisema. "Lakini maneno aliyoyasema mama huyu kule nayo ni ushahidi, kama aliyoyasema hapa. Ni juu yenu kuamua yapi ni ya kweli, au kama yote si ya kweli. Mkiona alidanganya chini ya kiapo, mna haki ya kujiuliza kama leo anaaminika. Mkumbuke pia kwamba watu hudanganya kwa sababu nyingi."

Mize aliling'ang'ania hilo la mwisho. Sababu nyingi. Ya Rabi, waione yangu.

Juri wakaenda kushauriana. Alasiri wakarudi na ombi: wasomewe tena jibu la kesi ya kwanza. Jaji akasoma. "Hakuna mtu. Mimi na mwanangu tu."

Hata Mize mwenyewe hakujua alisimama vipi. "Huo ndio uongo!" alipiga kelele, Kiingereza kisha Kiswahili. "Nilimsitiri mwenzangu, wallahi! Mwacheni mwanangu!" Kizimbani, nyuma ya kioo, Idarous alijifunika uso.

Walinzi wa mahakama wakamshika mkono kumtoa. Mlango haujafungwa vizuri, akamsikia jaji akiwaambia juri, wala si kwa ukali, kwamba kelele walizozisikia si ushahidi, wasizitie maanani hata kidogo. Jamani! Uongo wake uhesabiwe, kweli yake itupwe?

Alikaa kwenye benchi la nje, Raisa kamkumbatia. Alisoma dua zote anazozijua, akazirudia, nyingine akazichanganya. Wakili wao, Gurvinder, alipotoka, alikuwa kavua zile nywele za bandia wanazovaa mawakili mahakamani, anazifinyanga mkononi.

"Wamemtia hatiani, Mama Idarous," alisema. "Pole sana."

Mize hakulia. Aliyelia ni Raisa.

"Ungenitaja tu, Mize," alisema. "Mimi ningestahimili."