Baba alirudi kutoka vitani, hela ikaenda kwenye ng'ombe, mama akauliza tutalala wapi

Salaam wakuu. Hii siyo chai, niliiona kwa macho yangu nikiwa darasa la tano.

Mzee wangu alikuwa kapteni. Aliporudi kutoka vita vya Uganda tulikuwa tunaishi kota za jeshi, mbali na kijijini kwetu Sepuka. Bomba ndani, madirisha ya vioo. Tulijiona matajiri.

Akapewa likizo na malimbikizo ya mshahara wake. Mama akataka tujenge Mandewa, pembeni ya mji, enzi hizo bado pori pori. Mzee akakubali.

Tulipofika Sepuka, baba mkubwa, kaka yake mzee, akasema mwanaume katoka vitani hana hata ng'ombe, ukoo utachekwa. Mzee, aliyeongoza watu kwenye risasi, akashindwa kumbishia kaka yake. Hela yote ikaishia mnadani.

Na kwetu Wanyaturu ng'ombe huwaweki zizi moja. Unawagawa kwa ndugu, wanakutunzia, wao wanakunywa maziwa. Ukiwadai ghafla ni kama umewaambia huwaamini.

Mama alilia, wakuu. Iliniuma sana, maana mama si mtu wa kulia.

Kesho yake akafanya ambalo mke wa mdogo mtu hafanyi. Akaenda mwenyewe kumuuliza baba mkubwa, akapiga goti, akatoa shikamoo.

"Shemeji, ng'ombe wote wana pa kulala. Siku jeshi likisema tutoke, mimi na hawa watoto tutalala wapi?"

Baba mkubwa akamtazama. "Kwani ile nyumba ya vioo siyo ya mdogo wangu?"

Kumbe! Alitutembelea mara moja, akaona bomba, akajua ni mali yetu. Na mzee, kwa kupenda sifa, hakumsahihisha.

Baba mkubwa hakugomba. Alizunguka mwenyewe kwa ndugu kukusanya ng'ombe wakauzwe, na kwa kuwa aliyeomba ni yeye, hakuna aliyenuna. Mabati yalitafutwa kwa tochi, ila nyumba ilisimama Mandewa, sakafu ya udongo.

Mzee alipostaafu, wenzake wengine walibaki wanaomba waongezewe muda kwenye kota. Sisi tulirudisha funguo, tukaenda kwetu.

Nilichojifunza: ndugu wakidhani umejipanga, waambie ukweli mapema. Wengi si wabaya, hawajui tu.

Mliokulia kota, kwenu ilikuwaje? Mwageni hapa chini. Mama nimemsomea uzi huu sebuleni kwake Mandewa, anasema niwaambie bati halijavuja mpaka leo.